Shokapu za Babu Breki

Mtoto mdogo wa Mama Wawili alijiuma ulimi ndani ya gari la Babu Breki, damu ikamchuruzikia kwenye kola ya shati la shule, na kabla ya kengele ya mapumziko mtaa mzima ulikuwa umeshajua.

"Mimi sigombani na mzee," Mama Wawili alisema, na huku anagomba. Alikuwa amesimama mlangoni kwa Mama Kidoti, lile shati lenye damu amelishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya mkiani. "Baba yako ni mtu mzima, namheshimu. Lakini lile si gari, ni chekecheke. Wanangu wanapepetwa mle ndani kila asubuhi. Asipolitengeneza, Jumatatu nawatoa, na nikitoa wangu mimi, wenzangu hawaachi wao. Mwambie wewe uliye binti yake. Nikimwambia mimi ataniona sina adabu."

Mama Kidoti aliinuka kwenye cherehani, akalipokea shati, akalitia kwenye maji ya baridi yenye chumvi. Alikuwa fundi wa nguo, na mikono yake ilizijua damu, jasho, wino na matapishi ya watu wote wa mtaa ule. "Nitamwambia, dada," alisema. "Shati utalikuta jeupe."

Gari lenyewe lilikuwa na umri wa kuoa. Ndilo pekee alilobaki nalo Babu Breki baada ya maisha mazima ya kuendesha malori ya watu, na jina la Breki alilipata huko huko, kwa kuwaambia wenzake kila siku kwamba dereva hajulikani kwa mwendo, hujulikana kwa breki. Sasa alikuwa akipeleka watoto wa mtaani shule na kuwarudisha. Hapo ndipo alipopatia unga, kodi ya chumba na heshima, na heshima ndiyo aliyoila zaidi. Lakini gari lilikuwa limechoka nyuma. Ukilitazama likiondoka, lilikuwa limechuchumaa kama mtu aliyebanwa na tumbo vichakani. Springi, zile zinazobeba uzito, zilikuwa zimelala. Na shokapu, zile zinazozituliza springi zisirukeruke ovyo, zilikuwa zimekufa kabisa. Likikanyaga shimo moja liliruka mara nne. Watoto walikuwa wameliita Chura, wakacheka sana, mpaka siku ile ya ulimi.

Jioni Babu Breki alikuja kula kwa binti yake, na habari alikuwa ameshaipata.

"Nabadilisha za nyuma zote, springi na shokapu," alisema kabla hata hajanawa. "Za mbele zina uhai bado. Na wala sihangaiki. Mtu mwenye mkwe kwenye duka la spea atahangaika na nini?"

Baba Kidoti alikuwa ameinamia sahani yake. "Baba, mimi ningesema ununue mpya. Tena kule karibu na stendi, kuna duka moja…"

"Kule stendi namjua nani?"

"Hata usipomjua mtu. Sisi nadhani hatuna saizi yako."

Babu Breki aliacha tonge hewani. "Magari kama langu yamejaa nchi nzima kama chawa, halafu ninyi mkose saizi? Mwanangu," akamgeukia binti yake, "mumeo ananifukuza dukani kwao, au ni masikio yangu?"

Mama Kidoti alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza. Alipotoka kwenda kuchukua maji, mume alimfuata jikoni, na mke ndiye aliyeanza.

"Unamwonea aibu baba yangu?"

"Siyo hivyo."

"Ni vipi basi? Ni kwa sababu anakuita Muuza Nati? Si utani wake tu ule. Leo anakuja kwako na shida, unampa kisogo."

"Siyo hivyo, Mama Kidoti. Siyo hivyo tu." Alikuwa akivisugua vidole kwa kitambaa, kama kawaida yake. Siku zote alirudi kutoka kazini akinuka rangi na mafuta ya taa. Tajiri, alisema, anapenda shelfu zake zing'ae. Mkewe aliwahi kumtania kwamba shelfu hizo lazima zina ukubwa wa uwanja wa mpira, maana hazimaliziki kupakwa. Mume alicheka naye, akaendelea kusugua vidole.

"Mlete Jumamosi," alisema mwishowe.

Jumamosi Mama Kidoti alifunga cherehani akaenda na baba yake, kwa sababu fedha aliyokuwa nayo mzee haikutosha na iliyobaki ilikuwa ndani ya mkoba wake. Zilikuwa hela za mashine ya kushonea kingo. Alikuwa ameziweka kidogokidogo, kola kwa kola, pindo kwa pindo, na asubuhi ile alizitoa chini ya godoro bila kuzitazama sana, kama mtu anayempa mtoto dawa chungu.

Duka lilikuwa jembamba na refu, limejaa vyuma mpaka darini. Tajiri alikaa kwenye kaunta akiwa na kijiti mdomoni, na alipomwona mzee alifungua mikono.

"Mzee wetu. Baba wa mfanyakazi wangu ni baba yangu. Kaa. Unataka nini, uhai au bei?"

"Nataka vyote," alisema Babu Breki, na wateja waliokuwepo wakacheka. Akafurahi kuchekewa.

Tajiri alimwekea kwanza boksi mbili za shokapu mpya. Mzee alizichungulia tu, kama anayechungulia choo cha stendi. "Mpya za siku hizi ni bati. Mvua moja tu, zinalia. Niwekee zilizotumika, zile zilizofunguliwa kwenye magari ya ng'ambo. Zimetembea kwenye lami, zimekula vizuri, bado zina nguvu."

"Mnasikia?" Tajiri aliwaambia wateja. "Huyu anajua. Si kama vijana wanaonunua boksi."

Zilizotumika zilikuwa zimening'inizwa mbele ya duka, nyeusi, zinang'aa kama viatu vya mtu anayekwenda kuposa. Babu Breki alichagua moja, akaisimamisha sakafuni, akakunja mikono ya shati. Mtihani huu aliujua tangu ujana, na aliufanya kwa sauti ili umati usome.

"Shokapu mfu ukiikandamiza inazama kama kisu kwenye mafuta, na hairudi. Iliyo hai inakugomea. Tazameni." Akailalia kwa uzito wake wote. Chuma kikashuka kwa kusitasita, kidogokidogo, kikisaga meno. Mzee aliinuka jasho likimtoka, uso umejaa nuru. "Mmeona? Inagoma kama punda. Hii imekuja na roho yake." Akaijaribu na ya pili, nayo ikagoma. Kisha akachagua springi, nene, za gari zito kuliko lake, kwa hoja kwamba abebaye watoto wa watu asiwabebe juu ya vijiti. Kijana mmoja aliyekuja kununua plagi alimwuliza mzee anafanya gereji gani. Babu Breki alijibu kwamba gereji ni yeye mwenyewe.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwoze binti yake. Alimgeukia mkwewe mbele za watu. "Mkwe, wewe ndiye wa hapa. Unasemaje?"

Baba Kidoti alikuwa amesimama kando ya shelfu, kitambaa mkononi. Mama Kidoti alimtazama, akaona anavyokikunjakunja kile kitambaa. Tajiri aliacha kutafuna kijiti.

"Ziko sawa, baba."

"Sema watu wasikie."

"Ziko sawa."

"Huyo ndiye mkwe," alisema mzee, akimpiga begani. Tajiri akapunguza bei kidogo, akasema ni punguzo la ukwe, na Mama Kidoti akafungua mkoba. Juu ya kichwa cha Tajiri palikuwa na kibao: kilichofungwa hakirudi.

Njiani kwenda kwa fundi wa kuzifunga, Mama Kidoti alizipakata shokapu. Buti la gari lilikuwa halifungi, na mzee hakutaka shokapu zake zigongane na jeki. Springi akaziweka chini, kwenye miguu. Mama Kidoti alikaa na zile shokapu mbili mapajani kama watoto mapacha, gari likirushwa huku na kule, na joto la injini likipanda. Alikuwa akiwaza namna atakavyoanza upya kuweka za mashine. Walipofika, alishuka, akajipangusa, na kiganja kikatoka cheusi.

Alilitazama gauni lake. Mapajani palikuwa na doa pana, jeusi, linalonata. Mtu mwingine angekasirikia gauni. Yeye aliliinamia akalinusa. Doa lile alilijua. Alikuwa amelipiga brashi, amelikwangua kwa kisu, amelilaani, kila wiki, kwenye mikono ya ovaroli ya mumewe.

Babu Breki alikuwa ameshavuka barabara kumsimulia muuza matairi. Fundi alikuwa chini ya gari, miguu nje.

"Fundi, hii rangi hupakwa kiwandani?"

Miguu ilitulia. Fundi akajivuta nje, akalitazama gauni kabla ya kuitazama shokapu. "Kwani mumeo hajakwambia kazi yake?"

"Mume wangu amesema ziko sawa."

"Basi ziko sawa."

"Fundi, nakuuliza kama dada yako."

Fundi alichukua kitambaa kilicholowa petroli, akasugua mara moja. Rangi ilibanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Chini yake palikuwa na kutu, na karibu na kitako palikuwa na kinundu cha kuchomelea, kidogo, kama jipu lililokauka.

"Wanatoboa hapa. Wanamimina mafuta mazito, hata yale machafu yaliyokwisha kutumika. Wanachomelea, wanapaka. Ukiikandamiza kwa mikono inagoma, mzee anafurahi. Ikifika barabarani mafuta yanapata joto, yanakuwa maji, yanatafuta pa kutokea. Hapo umebakiwa na bomba tupu."

"Na wewe unazifunga?"

"Mimi nafunga nilicholetewa, dada. Nikimwambia kila mteja kwamba amenunua takataka, nitamfungia nani?" Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Na springi je?"

"Springi ni nzima. Hilo ndilo baya lake. Springi ngumu juu ya shokapu mfu, gari linaruka kama mbuzi aliyekatwa kamba. Afadhali hata zile za zamani, zilikuwa zimelala zote pamoja."

Mzee alikuwa anarudi, anavuka barabara huku akicheka peke yake. "Muuza matairi anasema anataka kuniazima mkwe," alisema. "Nimemwambia mkwe haazimwi, kama mswaki."

Mama Kidoti alifungua mdomo. Aliuona ule uso, na namna mzee alivyolipapasa gari bavuni kama farasi, akawaza, nikisema sasa, hapa, mbele ya fundi, nitakuwa nimemvua nguo mume wangu na baba yangu kwa mkono mmoja. Akafunga mdomo. Fundi alimsubiri kidogo, kisha akarudi chini ya gari, na spana zikaanza kulia.

Mchana ule Mama Kidoti aliloweka gauni kwenye beseni moja na ovaroli ya pili ya mumewe. Vyote viwili vilitoa maji ya namna moja, meusi, yenye utando wa rangi juu. Hakuyamwaga. Mumewe aliporudi aliyakuta uani yanamsubiri.

"Rangi ya shelfu," mkewe alisema.

Baba Kidoti aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Umejua."

"Muda wote huu nafua uongo. Nanunua sabuni kwa hela yangu, nafua uongo, nauanika majirani waone."

"Nilisema anunue mpya. Nilisema aende stendi. Wewe ukanikanyaga mguu."

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli alimchukia zaidi. "Ungesema pale dukani."

"Pale dukani anayemkonyeza mteja anavua ovaroli palepale. Aliyekuwepo kabla yangu alimkonyeza shangazi yake. Hiyo unayoifua ilikuwa yake."

"Mimi nageuza kola za watu," alisema Mama Kidoti. "Kola imechakaa, naifumua, naigeuza ndani nje, shati linaonekana jipya. Lakini mwenye shati ninamwambia. Namwambia, hii nimeigeuza, safari hii ndiyo ya mwisho. Hakuna anayetoka kwangu akidhani amevaa jipya."

"Watu hawataki kuambiwa. Baba yako aliziona mpya kwenye boksi, akazidharau. Alichotaka ni kuonyesha watu kwamba anajua. Nimemuuzia alichotaka."

Mama Kidoti alimtazama. Ile haikuwa sauti ya mumewe. Ilikuwa sauti ya Tajiri. Palipungua kijiti tu.

Kidoti alitokea mlangoni, akauliza kama anaweza kupewa mkate, akapewa, akaondoka. Baba yake alimfuata kwa macho mpaka akapotea ndani. Kisha akainama, akasema taratibu, "Jumatatu asipande gari la babu yake. Nitampeleka mwenyewe kwa miguu. Nitamwomba Tajiri nichelewe kidogo."

"Kidoti asipande."

"Mpaka nipate namna."

"Na wa Mama Wawili? Na yule wa fundi viatu, na wale mapacha? Wao wapande?"

Aliiangalia mikono yake. Weusi ulikuwa umejikunja chini ya kucha, mahali ambapo mafuta ya taa hayafiki. "Nimesema mpaka nipate namna."

Jioni alimwandalia chakula kama kawaida, akaona vidole vile vikishika mkate, akasukuma sahani yake kando. Lakini kilichomtia kinyaa kuliko vidole vyote ni kwamba kwa pumzi moja, moja tu, pale uani, wazo la kumtoa Kidoti peke yake alikuwa ameliona jema.

Jumapili baada ya chakula alikwenda kwa baba yake kusema. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Alimkuta Mama Wawili amefika kabla yake, amesimama mikono kiunoni mbele ya gari lililooshwa, lililoinua matako juu kwa springi mpya kwake.

"Hongera, mzee," Mama Wawili alikuwa akisema. "Sasa limesimama. Juzi nilisema kwa uchungu wa mwana, unisamehe."

"Uchungu wa mwana hauna kosa," Babu Breki alijibu kwa ukarimu wa mtu aliyeshinda. Akamwona binti yake. "Njoo, mwanangu. Mwambie mumeo lile jina la Muuza Nati nimelifuta. Kuanzia leo ni mkwe, basi."

Mama Wawili alimshika mkono, akamshukuru kwa shati. Limetoka jeupe kuliko lilivyonunuliwa. Mama Kidoti aliitikia, ahsante, ahsante, akakaa kidogo, akanywa maji aliyopewa, akarudi kwake na maneno yake yote.

Jumatatu honi ililia nje kabla chai haijapoa. Watoto walikuwa wameshajipanga nyuma kama ndizi kwenye kichane, na Mama Wawili alikuwa akiwaingiza wake, mmoja mmoja, akiwafunga vifungo. Baba Kidoti alitoka nyumbani amevaa ovaroli, mkoba wa shule begani, Kidoti mkononi.

"Kidoti, pembeni mwa dirisha," mzee aliita. "Nafasi yako hiyo."

"Baba kasema nitembee."

"Anaumwa tumbo kidogo, baba," alisema Baba Kidoti. "Hewa itamfaa."

"Siumwi," alisema Kidoti.

Mama Wawili alikuwa na mkono kwenye mlango wa gari. Hakuufunga. Alimtazama mtoto, akaitazama ovaroli, akalitazama gari. Hakupaza sauti. "Mbona mwenye spea hampandishi wake?"

Babu Breki alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Mkwe?"

Mkwe aliitazama barabara.

Mama Kidoti alikuwa kizingitini. Alijua kwamba hatua inayofuata ikishakanyagwa hairudi, na kwamba hata kazi ya mumewe imo ndani yake. Akatoka. "Watoto washuke, baba. Shokapu ni mbovu. Ni mabomba yaliyotiwa mafuta yakapakwa rangi. Anayezipaka ni huyu."

"Nani kakwambia?"

"Rangi nimeifua mwenyewe. Nimejua tangu Jumamosi."

"Tangu Jumamosi," alirudia Mama Wawili. "Jana nilikushika mkono."

"Ulinishika."

"Ukanitazama."

"Nilikutazama, dada."

Mama Wawili hakumtukana. Ingekuwa nafuu. Alianza kuwateremsha watoto wote, wake na wa wenziwe, akiwanyoosha sketi na kola kama wanaotoka mahali pachafu. "Mnatoa wenu, mnaacha wetu," alisema, na sasa ndipo akatema mate, pembeni, kwa adabu. Akawashikanisha mikono. Mwishoni akamfikia Kidoti, akautoa mkono wake kwenye mkono wa baba yake. "Njoo nawe, mwanangu. Wewe huna kosa." Wakaondoka kwa miguu, mstari mmoja, mikoba ikiwapiga migongoni.

Babu Breki alizunguka nyuma ya gari, akaweka viganja viwili kwenye buti, akakandamiza. Gari lilishuka, likapanda, likashuka, likapanda, likaendelea kucheza peke yake mzee akiwa ameshaachia. Kwenye gurudumu la kushoto mafuta meusi yalikuwa yameteremka, yamekusanya vumbi, yamekuwa kama kamasi.

"Nilizijaribu mwenyewe," alisema, bila kumwambia mtu. "Zilinigomea."

"Baba…" Baba Kidoti alianza.

Mzee alimnyooshea ufunguo. "Endesha."

"Nachelewa kazini, baba."

"Ndiko nakotaka unipeleke. Pitia njia ya shule."

Aliingia nyuma, akakaa katikati ya kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. Mama Kidoti hakuambiwa na mtu; alifungua mlango wa mbele akakaa kando ya mumewe. Baba Kidoti aliliondoa gari kama aliyebeba mayai.

"Mimi huwa naendesha hivi?" sauti ilitoka nyuma. "Watoto wamechelewa. Wanapiga kelele. Nyuma yako kuna lori. Kanyaga."

Aliongeza mwendo. Kwenye tambarare gari lilivumilia. Ulipoanza mteremko wa kwenda darajani, lami ilikuwa imeliwa vipandevipande, na shimo la kwanza likalirusha, la pili likalikuta bado hewani. Nyuma ikaanza kucheza kushoto na kulia kama mkia wa mjusi. Kichwa cha mzee kiligonga dari, mara mbili. Mama Kidoti alishika kishikio kwa mikono miwili. Aliliona daraja linakuja, jembamba, kingo zake zimevunjika, na gari halikuwa linakwenda darajani, lilikuwa linakwenda kando ya daraja. Baba Kidoti alikanyaga breki, akakata usukani. Likajikwaa, likageuka ubavu, likasimama limekingama katikati ya njia, na hata liliposimama liliendelea kuitikia kwa kichwa.

Breki zilikuwa nzima. Hakuna aliyetaja hilo.

"Mbona umesimama?"

"Halishiki barabara, baba." Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. "Siwezi kulivusha."

"Mimi ungeniacha nilivushe?"

Nyuma yao lori lilipiga honi, na jingine nyuma yake. Mtu alitoa kichwa dirishani akauliza kama wamelala.

"Nimekuuliza, mkwe."

Mama Kidoti aliuona uso wa mumewe kwa upande, akaona anavyotafuta pa kupitia, shelfu, Tajiri, kazi, namna, na kila mlango ukifungwa.

"Ningekuacha," alisema. "Kwa kuwa Kidoti hayumo, ningekuacha."

Mkewe alikuwa ameingoja kweli itoke kinywani mwake tangu Jumamosi, na alidhani ikitoka itakuwa kama maji. Ilitoka na harufu. Aliteremsha kioo. Hakugeuza uso, hata hivyo. Alibaki amemtazama, kwa sababu hiyo ilikuwa ya kwanza, na ya kwanza, kama maji ya kwanza ya kufulia, hutoka na uchafu wote. Ng'ambo ya kioo watoto walikuwa wanafika kwa njia ya mkato, wanapanda darajani kwa mstari, Mama Wawili mbele kama askari. Kidoti alilitambua gari. Akapunga mkono.

Mzee alikuwa ameuinamisha uso kwenye magoti. Alipoinua, sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu aliyefanya kazi barabarani miaka mingi.

"Shukeni tulisukume," alisema. "Tunawazibia watu njia."